Mwezi wa Kumi na Tatu

Jumamosi, 22 Machi 2025

Mawingu tangu saa nane, mazito, yameukalia mlima Masaba kama kuku anayeatamia. Mvua hamna. Naitiri nzima shingo juu.

Kukhu, nyanya wa nyumba hii, kavuka ua na simu yake ya kamulika mwizi, kaishika kwa vidole viwili kana kwamba inanuka. "Mwalimu, nitafutie ujumbe wa mbolea. Wenzangu wote wamepata, nimebaki mimi tu."

Nikafungua. Jumbe 114 hazijasomwa. Bahati nasibu. Maswali ya mpira. Na kila alfajiri, saa kumi na moja na dakika mbili, namba ile ile ya tarakimu tano: siri za mapenzi. Jinsi ya kumfanya asikusahau. Nikamsomea mmoja kwa sauti ya msoma habari. Alicheka mpaka akaketi juu ya ndoo. "Mwambie mzee wangu nilimzika 1998. Anisahau aende wapi?"

Kisha kicheko kikakatika. "Huyo ndiye anakula kredo yangu?"

Sikumjibu. Nilikuwa nimeuona ujumbe wa mbolea, umebanwa katikati ya mapenzi na bahati nasibu, uko pale tangu Jumatano. Mifuko mitatu ya kupandia, Sh2,500 kila mmoja. Ekari tatu, mifuko mitatu. Shamba lake, pesa zangu, midomo yetu sote. Jumatatu naenda.


Jumapili, 23 Machi

Baada ya kanisa nimemshughulikia yule wa mapenzi. Nikaandika STOP, nikatuma kwa ile namba. Jibu likaja kabla sijakohoa: umejiondoa. Nikajiona bingwa. Kukhu akaniita mwalimu wa walimu.

Lakini jambo moja halinitoki. Nilimuuliza ni kiasi gani kimeliwa. Akasema, "Mia moja na tisini." Hivyo hivyo, bila kufikiri. Nikadhani anakisia. Akaingia ndani, akatoka na mkebe wa mafuta ya kupikia, akaumwaga juu ya kiti. Punje za mahindi. Kumi na tisa.

Kila jioni humwita mjukuu amtazamie salio. Siku ambayo hakupiga simu na bado kumi imepungua, punje moja ndani ya mkebe. Siku kumi na tisa, punje kumi na tisa. Shule aliiacha darasa la pili.

"Kwa nini hukusema mapema, Kukhu?"

"Nilikuwa nahesabu. Ukimshika mtu siku ya kwanza atasema amekosea njia."


Jumatatu, 24 Machi

Sijui niandike vipi hii.

Nimekwenda kwa wakala wa benki saa kumi, nikiwa bado na chaki kwenye vidole. Nitoe elfu saba na mia tano. Kijana akabonyeza mashine, akanitazama, akabonyeza tena. "Mwalimu, salio halitoshi." Nyuma yangu watu sita. Mmoja mzazi wa darasa langu.

Nikasema toa elfu tano, kama mtu aliyebadili mawazo.

Mifuko miwili juu ya boda. Kukhu alikuwa langoni. Kahesabu kabla pikipiki haijazimwa. "Na wa tatu?"

"Umeisha kituoni. Wataleta."

Ulitoka laini, huo uongo. Nilishangaa mwenyewe.

Saa nne usiku. Watoto wamelala. Nimefungua programu ya benki, nimerudi nyuma mpaka katikati ya Januari. Mistari mitatu. Jina silijui: herufi, namba, mji wa ng'ambo.

17 Januari: 5,331.
14 Februari: 5,328.
14 Machi: 5,334.

Ijumaa, Ijumaa, Ijumaa. Jumla 15,993. Nimeirudia kwenye karatasi kwa kalamu nyekundu, kama nasahihisha daftari la mtu mwingine.

Nigawanye kwa 2,500. Mifuko sita na chenji. Mitatu ya kupandia na mitatu ya kukuzia. Msimu mzima wa ekari tatu.


Jumanne, 25 Machi, alfajiri

Nimekumbuka nikiwa kitandani.

10 Januari. Matokeo ya kidato cha nne yalitoka jana yake, nyumba imejaa kelele, kijana wa shemeji anatafuta ufadhili. Wanataka faili moja tu, iwe ndogo, vyeti vyote na barua ya chifu ndani yake. Saa tano usiku. Nikatafuta pa kuunganishia kurasa. Tovuti ikanipokea vizuri, ikaunganisha zote, ikanionyesha faili imekamilika, nzuri. Ninapotaka kuichukua: siku 7 kwa dola 1. Dola moja ni nini? Nikachomoa kadi pochini. Barua pepe nikaweka ya kijana, maana fomu zilikuwa zake.

Nimerudi leo kuutazama tena ule ukurasa. "Dola 1" ni kubwa kama bango la kampeni. Chini yake, kijivu juu ya nyeupe, herufi za kuhitaji miwani: baada ya hapo dola 39.95 kila wiki nne.

Kila wiki nne. Si kila mwezi. Nimehesabu kwenye kalenda ya ukutani: wiki 52 kwa nne ni 13. Hawa wameuongezea mwaka mwezi mmoja na kuupanda mbegu zao.


Jumanne, jioni

Saa ya chai nimepita kwa kijana wa saiba. Nikamuuliza kama mtu anayepita tu: kuunganisha kurasa ziwe faili moja ni pesa ngapi?

"Hamsini, Mwalimu. Ukiwa na nyingi sana, themanini."

Nikanunua kalamu ambayo sikuihitaji, nikaondoka.


Jumatano, 26 Machi

Jinsi ya kutoka. Niandike nisisahau.

Akaunti. Kisha Bili. Kisha Simamia. Kisha swali: kwa nini unatuacha? Chagua moja kati ya sababu saba, na sababu yangu haimo. Kisha: ungependa kupumzika miezi mitatu badala ya kuondoka? Hapana. Basi chukua kwa nusu bei. Hapana. Una hakika? Hapo vitufe viwili. BAKI, kijani, kipana kama kiganja. Endelea kuondoka, kijivu tena, kile kijivu chao. Nikabonyeza kijivu. Asante, tumekutumia barua pepe, thibitisha humo.

Barua pepe ya kijana. Kijana yuko kibarua Kitale, simu yake huwaka akipenda.

Yule wa Kukhu, wa mapenzi, neno moja tu lilimtosha. STOP. Hata wezi wana madaraja.


Alhamisi, 27 Machi

Kijana kapatikana saa tatu usiku. "Ni ya nini hiyo, mama mkubwa?" "Mambo ya shule." Akanitumia kiungo. Nikabonyeza. Kiungo kimekufa, kilikuwa cha saa 24. Anza upya.

Nimejaribu pale pa kuzungumza na msaidizi. Roboti. Ananiita rafiki. Ameniambia anaelewa hisia zangu. Nikamwandikia kwa Kiingereza safi cha mtihani kwamba sitaki kueleweka, nataka kutoka. Akasema furaha ya wateja ndiyo furaha yake.

Nimelala na hasira ya mtu aliyegombana na ukuta.


Ijumaa, 28 Machi

Swali ninalolikwepa: kwa nini sikuona? Miezi mitatu!

Jibu la kwanza: nilizima sauti ya jumbe za benki tangu Desemba. Kila zikilia ni mkopo. Nani anataka kuambiwa kila mara kwamba ana deni?

Jibu la pili ni baya zaidi. Niliona. Februari niliona salio limepungua, nikasema makato. Pesilipu yangu ina makato mpaka chini ya ukurasa. 2.75 kwa mia ya afya, 1.5 ya nyumba, pensheni, chama cha walimu, mkopo, ushirika. Kila mwaka linaongezeka moja, tunanung'unika wiki moja ofisini, tunazoea. Nikadhani ni jingine. Sikuuliza la nani.

Aliyezoea kukatwa hahisi kisu.

Ndiyo maana Kukhu aliona kumi na mimi sikuona elfu tano. Yeye hana makato. Kila shilingi yake anaijua kwa sura.


Jumamosi, 29 Machi

Chama leo, kwetu. Wanawake kumi na wanne, chai, mandazi, daftari katikati ya meza. Mweka hazina anasoma jina, mtu anatoa mia tano, jina linatiwa alama, wote wanaona. Mmoja ametaka kujiondoa, anahamia Bungoma. Kasimama, kasema, tumemlipa akiba yake palepale, tumemwombea, tumemfungia mandazi. Dakika kumi na tano, na tano kati ya hizo zilikuwa za maombi.

Nilitaka kusema. Neno lilifika kwenye meno. Kisha jirani akaanza kisa cha mama mmoja wa upande wa Ndalu aliyetuma pesa kwa tapeli wa simu, na wote wakacheka. "Siku hizi mtu anaibiwaje hivyo? Hajasoma?" Nikacheka pia. Nilicheka kuliko wote.


Jumatatu, 31 Machi

Sikukuu ya Idd, shule hamna. Na mvua! Usiku kucha juu ya mabati, mpaka asubuhi udongo umekuwa mweusi kama masizi. Plau ya ng'ombe imefika saa moja.

Tumepanda. Ekari mbili za juu na mbolea. Ile ya chini, ya mtoni, Kukhu akasimama kichwani mwake na kopo tupu. "Tungoje hiyo ya tatu?"

Mvua haingoji. Nikasema tupande tu, udongo wa mtoni una rutuba. Akaniangalia. Akainama, akaanza kudondosha mbegu.

Baba watoto kapiga simu jioni. Nikamwambia tumemaliza. Zote tatu? Zote tatu. Mbolea ilitosha? Mtandao ukakatika. Haukukatika. Niliukata mimi.


Jumatano, 2 Aprili

Nimemuuliza mwenzangu wa Kiingereza, ofisini, kuhusu "rafiki yangu" aliyejiunga na kitu mtandaoni akashindwa kutoka. Hakuuliza rafiki gani. Mtu mwema.

Anasoma kila kitu, huyo. Akaniambia Juni 2023 tume ya biashara ya Marekani, FTC, iliwashtaki Amazon kwa jambo hilo hilo: kuingia Prime, usajili wao wa kulipia, ni kubonyeza tu, kutoka ni safari. Na ndani ya kampuni, njia ile ya kutokea ilikuwa na jina lake. Iliad. Ule utenzi mrefu wa Wagiriki wa vita vya Troy.

Nikacheka peke yangu mpaka darasani. Kumbe kuna mtu alikaa mezani, akalipwa mshahara, akatengeneza mlango mrefu, kisha akaubatiza jina la utenzi! Wangekuwa Waswahili wangeuita Tambuka.

Na Oktoba mwaka jana tume hiyo ikapitisha kanuni: kutoka kuwe rahisi kama kuingia. Ningeiandika juu ya kila mlango. Lakini mimi niko Naitiri, na mlango wangu sijui uko nchi gani.


Alhamisi, 3 Aprili

Sijalala, basi nimesoma Katiba. Tunaifundisha watoto, hatuisomi. Ibara ya 46: mtumiaji wa bidhaa na huduma ana haki ya kupewa habari anazohitaji, kulindwa masilahi yake ya kiuchumi, na kufidiwa akipata hasara kutokana na kasoro zake. Na sheria iliyoifuata, ya kuwalinda watumiaji, ni Na. 46 ya 2012. Arobaini na sita mara mbili. Sijui nani aliipanga hivyo au ni bahati tu, lakini nimefurahi kama niliyeokota sarafu.

Furaha ya dakika tano. Fidia nitamdai nani, lile jina la herufi na namba?


Ijumaa, 4 Aprili

Shule zimefungwa. Ripoti zote nimetia sahihi. Nimeandika "hana umakini, asome maswali kabla ya kujibu" mara tisa. Ya tisa mkono ulisita.

Wiki ijayo ni Ijumaa ya tarehe 11. Wiki nne kamili. Wanakuja tena.


Jumatatu, 7 Aprili

Kitale. Boda hadi barabara kuu, matatu kupitia Kiminini, mguu wa mtu mwingine mapajani mwangu njia nzima. Foleni benki, namba 73.

Msichana wa dirishani akasimama nilipofika. "Mwalimu!" Nilimfundisha darasa la sita. Sasa ana kucha ndefu na kikoti. Nikataka ardhi inimeze, lakini sakafu ya benki ni ngumu.

Nikamweleza kwa sauti ya chini. Yule "rafiki yangu" sikuja naye Kitale, nikasema ni mimi. Akageuza kompyuta kidogo, akaona mistari yangu mitatu, akasema yuko na nyingi za namna hii: za filamu, za kupunguza uzito, za kuandika barua za kazi. Kisha, taratibu, bila ubaya wowote: "Mwalimu, ulisoma maagizo kabla ya kubonyeza?"

Sentensi yangu. Niliwaimbisha kila Ijumaa, pamoja na yeye.

Tukacheka. Ilibidi. Nilisikia kitu kifuani kimelegea kwa mara ya kwanza tangu ile siku ya wakala.

Amefanya haya: kadi imefungwa palepale, mpya naja kuichukua. Fomu ya kupinga malipo, moja kwa kila mstari. Amenionya: kwa kawaida kuna siku 120 tangu malipo, niko ndani yake, lakini kadi niliiweka mwenyewe, nikakubali masharti mwenyewe, wale watatuma ukurasa wenye alama ya vema niliyotia, na huenda wakashinda. "Usihesabu pesa hizo, Mwalimu. Hesabu zile ambazo hawatachukua tena." Pia akaniambia niwaandikie wenyewe, kwa maandishi, tarehe na kiasi, niseme benki imeshapokea malalamiko. "Wanaogopa fomu hizi kuliko matusi."

Darasa la sita, huyu alikuwa akiketi nyuma. Nilidhani halisikii somo.


Jumanne, 8 Aprili

Barua imetumwa. Mistari saba. Hakuna kivumishi hata kimoja. Nimeisoma mara tatu kabla ya kubonyeza.


Ijumaa, 11 Aprili

Nimerudisha sauti ya jumbe za benki. Tangu alfajiri simu kifuani kama mtoto mgonjwa. Nimepika, nimefua, nimechambua maharage, sikio huko.

Saa nane na dakika ishirini. Ting.

Muamala umekataliwa.

Nimeusoma kwa sauti jikoni. Mtu wa ng'ambo, au mashine yake, amenyoosha mkono mpaka Naitiri na mkono umegonga mlango. Nikacheza, mwiko mkononi. Kitinda mimba akaja kuuliza tumeshinda nini.

Saa tisa wamejaribu tena. Saa kumi na moja tena. Kisha barua pepe kwa kijana, naye akanitumia: kuna tatizo na kadi yako, tafadhali isasishe usikose huduma. Kijana kaongeza chini yake: "Mama mkubwa, hii ndiyo ile faili yangu? Umekuwa ukilipa?"

Sijamjibu. Alipata ule ufadhili. Sitaki aubebe na uzito huu juu yake.


Jumatano, 16 Aprili

Wamejibu. Kwa moyo wao wa ukarimu (ndivyo walivyoandika), watarudisha malipo ya mwisho. Ya kabla yake mawili, masharti ni masharti. Usajili umefungwa. Tunatumai utarejea.

Ukarimu! Mtu kaniibia kuku watatu, kanirudishia mmoja, anangoja nimshukuru.

Lakini nimeshukuru, ukweli. Kimoyomoyo. Niliketi.


Ijumaa Kuu, 18 Aprili

Zimeingia: 5,027. Nilizotoa zilikuwa 5,334. Dola zile zile, zimekwenda na kurudi, zimekonda njiani. Sina nguvu ya kugombana na nauli.


Jumamosi, 19 Aprili

Nimekwenda kuchukua mfuko wa kukuzia. Kukhu hakuuliza chochote. Kautazama ukishushwa kwenye boda, kaguna, karudi jikoni kwake.

Sijui kuguna kule kulimaanisha nini. Nimekuwa mtu wa kusoma miguno.


Jumatatu, 21 Aprili

Redio ya Kukhu mchana: Papa Francis amefariki. Kakaa chini ya mwembe na rozari yake mpaka jua likamfuata. Nimempelekea chai. Akasema, bila kuinua kichwa, "Mahindi ya mtoni umeyaona?"

Nikasema bado.

Nilikuwa nimeyaona. Tangu Alhamisi napita njia ya juu.


Jumamosi, 26 Aprili

Redioni wanamzika Papa. Kukhu kasikiliza misa mpaka mwisho, kazima, kavaa gambuti. "Twende."

Ekari mbili za juu: kijani, safi, yamefika magotini mwa mtoto. Unavuka mtaro. Na hapo, kama mtu amepiga mstari kwa rula, rangi inabadilika. Mafupi, membamba, na kingo za majani zambarau. Zambarau ya kupendeza, ukiwa hujui. Ni njaa ya fosforasi. Mmea umekosa cha kula mizizi ikiwa michanga.

Kukhu kachuchumaa. Kainua jani moja kwa kidole. "Haya hayakula."

Nilisema. Yote. Faili, dola moja, herufi za kijivu, wakala, kituo ambacho hakikuishiwa na mbolea. Nilisema nikiwa nimesimama kama mtoto aliyechelewa, naye kachuchumaa bila kunitazama, jani bado mkononi.

"Wewe nawe ulibonyeza," akasema.

"Nilibonyeza."

"Kila wiki nne."

"Kila wiki nne."

"Kwa hiyo mwaka wake una miezi mingapi?"

"Kumi na mitatu."

Akatikisa kichwa kwa kitu kilichokaribia heshima. Kisha akauliza alinila siku ngapi kabla sijamwona. Nikahesabu: 17 Januari mpaka 24 Machi. Sitini na sita. "Na tangu umwone, umenificha siku ngapi?" Nikahesabu tena. Thelathini na tatu.

Kimya. Mto ulikuwa unasikika.

"Yule beberu mweusi," akasema, "Machi walimtaka kwa elfu saba. Nikakataa kwa sababu sikuwa na haja. Ungesema, tungemuuza. Ekari hii ingekula."

Hakusema kwa hasira. Ingekuwa hasira ningejua pa kuiweka. Akasimama, akajishika kiuno, akaanza kutembea safu kwa safu, akinionyesha ipi itapona ikipata mbolea ya kukuzia mapema na ipi tumeshaipoteza. Nilimfuata nikihesabu.


Saa tatu usiku

Kukhu katuma mjukuu na simu. Namba nyingine ya tarakimu tano, mpya, maombi ya kila siku safari hii. Na ndani ya mfuko wa plastiki, pamoja na simu, punje moja.

Moja tu. Siku ya kwanza.

Nimetuma STOP. Nimemrudishia simu. Punje nimebaki nayo.

Baba watoto kapiga. Watoto vipi, mvua vipi, mahindi yanaendeleaje.

Nikaanzia chini, mtoni.